Kijiti cha Chini ya Panda

"Dada, jicho lako la kushoto limemeza usiku."

Kerttu aligeuka. Foleni ya soseji nyeusi katika soko la Tammelantori ilikuwa imekizunguka kibanda mara moja na nusu. Watu walibanana ndani ya makoti yao, mvuke wa sufuria ukawapiga usoni, na jua la Septemba likawamulika bila kuwapasha joto. Nyuma yake alisimama mwanamume mrefu aliyevaa ovaroli la buluu lenye madoa ya grisi na kofia ya sufi iliyofumwa vibaya, pengine na mtu aliyempenda sana.

"Umesemaje?"

"Mboni yako. Ya kulia ni punje ya pilipili manga, ya kushoto ni kifungo cha koti. Umekata mti wa tarumbeta bila glavu, utomvu ukakubaki vidoleni, halafu ukajifikicha."

"Wewe daktari wa macho?"

"Fundi lifti."

"Basi kapande lifti, kaka, uniache ninunue chakula changu."

Foleni ilicheka. Yule mwanamume naye alicheka, ila kwa kuchelewa, kana kwamba utani ulilazimika kwanza kumfikia kwa ngazi.

"Pole," alisema. "Mimi ilinipata mwaka juzi. Hospitali walinipiga picha za kichwa kizima kabla sijapata mwanya wa kuwaambia kwamba nilikuwa napogoa tu."

Kerttu alitaka kukasirika akashindwa, kwa sababu ilikuwa kweli. Jana yake alikuwa amekata miti yake kwa pupa, mikono mitupu, na asubuhi taa zote za mji zilikuwa zimeota manyoya. Ilibidi ampigie simu msimamizi wake: leo siendeshi tramu, mtafuteni mwingine.

"Hukaa siku ngapi?"

"Mbili. Tatu ukilifikicha. Usilifikiche."

"Mimi? Sijalifikicha!"

Kidole chake kilikuwa tayari shavuni. Alikishusha. Walitazamana, yeye kwa mboni zake mbili zisizolingana, na wote wawili wakaangua kicheko.

"Jalmari," alisema yule fundi.

"Kerttu. Una vijiti?"

"Vitano. Wewe?"

"Kumi na viwili. Tule tukitembea, Mama Raili akishafunga meza ya kubadilishana hafungui hata kwa polisi."

Katika kona ya soko, kila Jumamosi ya mwisho ya Septemba, hukutana watu wa Tampere wenye wazimu mmoja. Wanapenda mti wa tarumbeta za malaika, mti wa milima ya mbali yenye ukungu wa vuguvugu, na wanaukuza katika nchi ambayo nusu ya mwaka udongo wake huwa mgumu kama jiwe. Wakati wa kiangazi mitarumbeta hukaa nje, maua yake marefu yakining'inia kama kengele za nguo, na jioni hunukia hadi jirani asiyekupenda akafungua dirisha. Baridi ikikaribia hukatwa, ikashushwa kwenye stoo za chini ya majumba, ikalala gizani hadi Machi. Vijiti vilivyokatwa ndivyo wanavyobadilishana, kijiti kwa kijiti, na fedha haitajwi. Jina la mti huandikwa kwa wino juu ya ganda lenyewe, kwani vibandiko hubanduka, na mti usio na jina ni yatima. Na ukipewa kijiti, usishukuru. Mti ulioshukuriwa hauoti. Hata wasioamini Mungu wanaliamini hilo.

Mama Raili, mpeleka barua mstaafu mwenye sauti ya king'ora, aliwaona wakija pamoja akaweka kalamu chini.

"Msichana, unajua umesimama na bahili mkuu wa mji huu?"

"Amefanya nini?"

"Amefanya nini! Ana Hilja! Mti wa marehemu bibi yake, aliouotesha kwa mbegu kwenye kopo la kahawa kule Pispala. Ua lake lina rangi ya chungwa lililofifia, na kila ua limevaa magauni matatu, moja juu ya jingine. Hakuna mwingine duniani. Miaka kumi na moja namwomba, sijapata hata jani la kufungia dawa."

"Bibi alisema nisiusambaze hovyo, Mama Raili."

"Na mimi ndiye hovyo?"

Jalmari aliinama akajifanya anapanga vijiti vyake. Masikio yake yalikuwa mekundu. Kerttu aliyatazama masikio yale, na kabla hajajua anachofanya, alikuwa ameshampa namba yake ya simu, ameiandika kwa wino juu ya kijiti.

Wakaanza kupigiana simu. Kerttu alizungumza kama mvua juu ya bati. Jalmari alizungumza kama mtu anayelipia kila neno.

"Uko wapi, dhahabu yangu?"

"Ghorofa ya saba."

"Unafanya nini?"

"Naning'inia."

"Umenikumbuka?"

Kimya.

"Jalmari? Haloo?"

"Nimeitikia kwa kichwa."

"Simu haioni kichwa, mpenzi!"

"Ee. Nimesahau."

Lakini alikuja. Zamu yake ikiisha mapema alipanda tramu ya Kerttu, akasimama nyuma ya kioo cha dereva, akaenda naye hadi mwisho wa njia Hervanta, akarudi naye hadi katikati ya mji bila kushuka popote. Abiria mmoja alimuuliza anakwenda wapi. Alijibu, "Hapa." Kerttu alisikia, akapitiliza kituo kwa mita nne, akaombewa radhi na breki zilizolia mji mzima.

Siku moja ya Oktoba, saa sita mchana, simu ililia.

"Jalidi kesho alfajiri," alisema Jalmari. "Digrii nne chini ya sifuri."

"Miti yako bado iko nje?"

"Yote kumi na minne."

"Kwa nini hukunipigia asubuhi?"

"Sikutaka kukusumbua."

"Weka maji ya kahawa jikoni. Nakuja nikusumbue mimi."

Alifika Amuri, mtaa wa Jalmari, akiwa amevaa koti la mvua la manjano na buti za mama yake. Mchana kutwa walishusha vyungu kwenye stoo ya jumba la Jalmari, ngazi ishirini na mbili kwenda chini, wakigombana kuhusu nani atangulie, wakigongana viwiko, matope hadi shingoni. Kimoja kilivunjika. Walikiomboleza kwa dakika nzima wakiwa wameshikana mikono, kisha wakacheka kwa sababu mikono haikutaka kuachana.

Wa mwisho ulikuwa Hilja. Ulikuwa bado na maua mawili, na Kerttu aliposogeza pua yake karibu, mwili ulimsisimka. Alipanda juu kufuata ndoo. Aliporudi alimkuta Jalmari amechuchumaa, glavu mikononi, anakizungushia kijiti gazeti lililoloweshwa maji, taratibu, kama anayemvisha mtoto mchanga.

"Chako," alisema.

"Hilja?"

Aliitikia kwa kichwa. Safari hii alionekana.

"Jalmari! Asa—"

"Usishukuru!" Alirukia mdomo wake kuuziba, akakumbuka glavu zina utomvu, akauziba kwa kiwiko. Kerttu alicheka ndani ya mkono wa ovaroli hadi machozi yakamtoka, na kwa kuwa kushukuru kumekatazwa, alimbusu.

"Kitachanua lini?" aliuliza baadaye.

"Usikiharakishe," alisema Jalmari.

Hakuongeza neno. Laiti angeongeza moja tu.

Kijiti kilikaa kwenye bilauri dirishani kwa Kerttu, ghorofa ya nane, Hervanta. Januari kiliota vipele vyeupe, Februari mizizi, Machi jani la kwanza. Kerttu alikipiga picha kila Jumapili akamtumia Jalmari, na Jalmari alijibu kila Jumapili kwa alama moja ya jua. Mei kilihamia roshani yenye vioo. Juni kilimfika kiunoni, Julai kifuani, Agosti kikampita kichwa.

Kilipanda tu. Shina moja, limenyooka kama mlingoti. Miti yake mingine yote ilikuwa imejaa maua, jirani wa ghorofa ya tisa amekwisha kumpongeza kwa harufu, lakini Hilja ilisimama pale kimya na majani yake makubwa, bila hata chembe ya ua. Asubuhi kabla ya zamu Kerttu aliipekua jani kwa jani. Usiku hakulala vizuri. Alimwagilia maji ambayo hayakuhitajika, akasogeza chungu kushoto, akakirudisha kulia.

Wiki hiyohiyo barua ilifika kutoka Bergen, ng'ambo, Norwe. Wanatafuta madereva wa tramu, wanamtaka yeye, nyumba ipo, mafunzo ya lugha yapo. Wangempigia Ijumaa saa tisa alasiri kupata jibu.

Alimwambia Jalmari wakiwa wameketi kando ya ziwa Pyhäjärvi, wamening'iniza miguu kwenye gati.

"Bergen wananitaka."

Jalmari alitazama maji.

"Ni kazi nzuri," alisema.

"Hilo tu?"

"Huko mvua ni nyingi."

"Mvua!" Kerttu alisimama. "Nakwambia nahama nchi, unanipa utabiri wa hali ya hewa?"

"Sitaki kukuzuia, Kerttu. Ni maisha yako."

Aliposema hivyo aliona ametenda haki. Kwao, kumwomba mtu abaki ni sawa na kumwekea mkono begani wakati amebeba mzigo. Hakujua kwamba Kerttu alikuwa ameileta ile barua kusudi, imekunjwa mara nne mfukoni, ili asikie neno moja tu: usiende. Angelisikia hilo, barua ingeliwa na samaki.

Jumatano Mama Raili alipanda hadi Hervanta kuona maajabu ya mwaka. Alikuwa amevaa gauni la maua makubwa kuliko maua yenyewe. Alinusa kila mti, akasifu miwili, akatukana mmoja, kisha akasimama mbele ya Hilja na kunyamaza. Mama Raili akinyamaza, kuna jambo.

"Alikupa lini?"

"Oktoba."

"Bila shaka hukuona alipokikata."

"Nilikuwa nimekwenda kuchukua ndoo. Kwani?"

Mama Raili alilishika jani kwa ncha za vidole akaligeuza. "Tazama hapa, jani linaposhikana na kikonyo chake. Pande zote mbili zimekutana sawa, siyo? Sasa tazama la ule mwingine wenye maua. Upande mmoja uko chini, mwingine juu, kama kola iliyofungwa vibaya. Ndivyo unavyojua. Mti huu hukua shina moja hadi upasuke panda, na ua huota juu ya panda tu, chini yake kamwe. Kijiti kikikatwa juu ya panda kinakumbuka kuchanua, mwaka huohuo unakuwa na maua. Kikikatwa chini, kinarudi utotoni. Kinaanza upya kukua, kutafuta panda yake. Mwaka, miwili, kwa baridi yetu hata mitatu." Aliliachia jani. "Alikupa shina, msichana. Maua amebaki nayo. Mabahili wote wanafanya hivyo. Mimi mwenyewe nilifanyiwa na mtu wa Lahti, nikangoja miaka mitatu, na ua lenyewe lilikuwa jeupe la kawaida!"

"Jalmari hawezi."

"Wangu naye alikuwa hawezi." Mama Raili alitoa simu mfukoni, akasita, akaitoa kabisa. "Sikutaka kukuonyesha. Imewekwa jana kwenye kundi letu."

Picha ilikuwa ya roshani yenye vyuma vya kijani. Mti mfupi, mnene, haukufika hata kimo cha meza, na juu yake maua saba ya Hilja, rangi ya chungwa lililofifia, magauni matatu kila moja. Mkono ulikuwa umeshika chungu. Kerttu aliujua ule mkono, na lile kovu la kebo juu ya dole gumba. Chini yake pameandikwa: *Asubuhi ya Pyynikki. Zawadi ya kijana wangu mzuri J., kaniletea mwenyewe. Sanelma.*

"Sanelma ni nani?" aliuliza Kerttu.

"Simjui. Si wa meza yangu."

Alipiga simu kabla Mama Raili hajafika kwenye lifti.

"Kerttu, niko kazini, kuna mtu amekwama kati ya ghorofa—"

"Sanelma ni nani?"

"Umemjuaje?"

"Umempa kijiti cha juu ya panda. Ndiyo au hapana?"

"Ndiyo, lakini—"

"Na mimi cha chini. Ndiyo au hapana?"

"Ndiyo. Kerttu, huyu mama ndani analia, acha nimtoe, nitakueleza—"

"Na mimi nalia, Jalmari! Ila mimi siko ndani ya lifti!"

Alikata. Simu ililia mara sita jioni ile, hakuipokea. Alhamisi ililia mara tisa. Aliendesha tramu kutoka mwisho mmoja wa mji hadi mwingine na kila kituo kilionekana kama mahali pa kushuka na kukimbia. Usiku aliandika jibu la Bergen kwenye karatasi ili Ijumaa sauti isimtetemeke: *Ndiyo, nitakuja.*

Lakini hakuwa mwizi. Mti wa watu lazima urudi kwa wenyewe.

Ijumaa saa saba mchana alivaa gauni jeusi la kitani, akapaka rangi ya mdomo kama anayekwenda vitani, akakumbatia chungu cha Hilja na kupanda nacho tramu. Majani yaligusa dari. Mzee mmoja alisogea akasema, "Karibuni, nyote wawili." Mwanamke mwenye mbwa aliuliza kama mti umelipa nauli. Dereva, mwenzake wa zamu, alitangaza kwenye kipaza sauti kwamba msitu unashukia Amuri, abiria waupishe njia. Siku nyingine Kerttu angejibu yote matatu.

Jalmari hakuwepo. Mama wa mlango wa pili alichungulia.

"Ijumaa mchana huwa kwa Sanelma, mwanangu. Kila Ijumaa. Lile jumba la roshani za kijani, Pyynikki, hapo juu tu."

Kila Ijumaa! Kerttu aliinua chungu tena. Mikono ilimuuma, jasho lilimtiririka mgongoni, na kila hatua aliyopanda ile njia alitunga sentensi moja kali zaidi ya iliyotangulia. Alipofika mlangoni alikuwa nazo kumi na nne. Kibao kilisema ni nyumba ya wazee. Alidhani Sanelma ni muuguzi. Alimpamba akilini kwa sare nyeupe na miguu mirefu.

"Ghorofa ya pili, mwisho wa ukumbi," walimwambia.

Mlango ulikuwa wazi. Kwenye roshani, ndani ya kiti cha magurudumu, aliketi kikongwe mdogo kama ndege, koti la kufuma la zambarau, midomo imepakwa rangi nyekundu kuliko ya Kerttu. Mbele yake, kwa kimo cha macho yake, maua ya Hilja yalining'inia. Hakuna aliyekuwa na haja ya kumwinua ili ayaone.

"Loo! Mti umekuja kwa miguu," alisema kikongwe. "Ingia. Wewe ni Kerttu. U mrefu kuliko alivyosema. Lakini yeye husema kidogo, yanayobaki mtu ujaze mwenyewe."

Kerttu aliweka chungu chini. Zile sentensi kumi na nne zilimkauka mdomoni.

"Wewe ndiye Sanelma?"

"Miaka tisini na mmoja sasa. Nilifanya kazi ya kushona na bibi yake Jalmari, meza moja, miaka thelathini. Nilikuwepo bibi Hilja mwenyewe, aliyeupa mti jina lake, alipotia mbegu kwenye kopo. Vuli iliyopita daktari alinipa kiangazi kimoja, nikamwambia Jalmari nataka kuuona mti ule ukichanua mara moja tena. Kijana akanikatia cha juu kabisa." Aligusa ua kwa ukucha. "Kinachanua haraka, hiki. Lakini kina shina dogo, hakijengi mwili. Miaka michache kinakwisha. Kwangu kinatosha, kinabaki na chenji."

"Na cha chini?" Sauti ya Kerttu ilikuwa imeshuka.

"Cha chini hakina haraka. Kinaweka mizizi kwanza, kinapanda, kinakuwa mti wa kweli. Ule mti mkuu wa Jalmari ulitokana na cha chini cha ule wa kopo, una umri wake." Kikongwe alimtazama Kerttu kwa macho ya mshonaji anayepima kiuno. "Hakukwambia?"

"Hakuniambia lolote."

"Mjinga. Mimi ameniambia kila Ijumaa."

Hatua zilisikika ukumbini. Jalmari alisimama mlangoni na chupa ya mbolea mkononi. Hakuwa na ovaroli. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi upande mmoja tu, na macho yalikuwa ya mtu ambaye hajalala tangu Jumatano.

"Nimekupigia," alisema.

"Najua."

"Mara kumi na tano."

"Kwa nini hukunieleza ule mwezi wa Oktoba?" Kerttu alimsogelea. "Nilikuuliza kitachanua lini, ukaniambia usikiharakishe! Hayo ni maelezo?"

"Nilidhani unajua. Watu wa mitarumbeta wote wanajua."

"Mimi nina miaka mitatu tu kwenye miti hii, Jalmari! Najua kumwagilia na kuua wadudu! Nimekaa nikipekua majani kila asubuhi, na tangu Jumatano nikiamini umenipunja!"

"Sikukupunja." Alishusha chupa ya mbolea sakafuni. "Yeye nilimpa chenye wakati mfupi kwa sababu ana wakati mfupi. Samahani, Mama Sanelma."

"Endelea, siko hapa," alisema Sanelma.

"Wewe nilikupa chenye wakati mrefu. Nilitaka... nilidhani tunao."

Jiji lilinguruma chini. Mkobani mwa Kerttu simu ilianza kulia. Saa tisa kamili.

"Ni Bergen," alisema.

Jalmari alirudi nyuma hatua moja, kama anayempisha. Tabia yake yote ilikuwa katika hatua ile, na Kerttu aliiona, akajua kwamba akimngoja hadi azungumze mwenyewe, simu itakatika, na meli itakwenda. Lakini Sanelma alinyoosha fimbo yake akamchoma nayo Jalmari mgongoni.

"Sogea mbele, kijana. Mbele! Mambo unayouambia mti kila Ijumaa, mwambie mwenyewe."

"Usiende," alisema Jalmari.

Simu ililia.

"Tena," alisema Kerttu.

"Usiende. Ni kazi nzuri na sitaki uende. Ukienda nitakuja, lifti ziko kila mahali, lakini usiende."

Kerttu aliipokea simu. Karatasi ilikuwa mkononi mwake, maneno yameandikwa tayari. Aliyasoma kimoyomoyo mara moja ili ajue kama ni yake. Hayakuwa yake, yalikuwa ya mtu aliyetaka kukimbia asichokijua. Alisema kwa upole kwamba wamemheshimu sana, kwamba hatakuja, na kwamba anawatakia abiria wao safari njema. Kisha akaketi juu ya ukingo wa chungu.

"Umeacha nyumba na kazi," alisema Jalmari, "na huo mti bado hauna hata panda."

"Ungengoja uchanue ndipo uniambie?"

"Nilipanga hivyo."

"Miaka miwili?"

Alifikiri kwa haki. "Mitatu, baridi ikiwa kali."

Sanelma alijifunika uso kwa mikono miwili. Mabega yake yalitikisika, haikujulikana kama ni kicheko au kilio. Kerttu aliinuka. Rangi ya mdomo ilikuwa imefutika, gauni lilikuwa na udongo, jani kubwa limenasa kwenye nywele zake. Alimshika Jalmari kwa kola ya lile shati lililopigwa pasi nusu.

"Basi nisikilize, maana mimi si mti," alisema. "Nauliza mara moja tu, na nauliza leo. Tuoa—"

"Ndiyo," alisema Jalmari.